Mfuko wa Mlangoni

Namur, tarehe 3 Oktoba 1999

Shangazi yangu Kaswera,

Nakusalimu sana, wewe na nyumba yote ya Keshero, pamoja na Mama Bagalwa jirani yetu na ulimi wake, na yule jogoo wetu asiyejua saa. Mimi mzima. Kifua kimepona, chakula ninakula, masomo ya kilimo yameanza. Misa ninaenda. Ukiniuliza tuko wangapi kanisani, nitakuambia wazee tisa na mimi, na padri akisema "ninyi vijana" wote wananigeukia.

Wenyeji wangu wa hapa Ubelgiji wanaitwa Papa Édouard na Madame Victoire. Papa Édouard alikuwa mfanyakazi wa reli, sasa amestaafu, maana yake anafanya kazi kutwa bustanini. Madame Victoire ni mwembamba na mpole, na husafisha nyumba ambayo tayari ni safi. Wamenipa chumba cha mtoto wao Thibaut, ambaye ameoa na kuhamia mji mwingine. Picha ya timu yake ya mpira bado iko ukutani, kwa hiyo kila siku naamka nikiangaliwa na wachezaji kumi na mmoja. Jikoni kuna saa kubwa ya mbao ambayo adhuhuri hugonga mara kumi na moja badala ya kumi na mbili. Nilijitolea kuitengeneza. Papa Édouard akasema "Hapana" kwa namna ambayo sikurudia kuuliza.

Aibu yangu ya kwanza nakuambia mwenyewe, kabla hujaisikia kwa Abbé Birindwa, padri wetu anayesoma Bruxelles, kwa sababu ndiye aliyenitafutia familia hii na yeye hafichi kitu. Siku ya nne nilimwona bibi mmoja jirani anatoka dukani na mifuko miwili. Nikafanya kama ulivyonilea, nikakimbia kumpokea mzigo. Alipiga kelele mpaka mtaa mzima ukatoka. Mimi nimesimama katikati ya barabara na vitunguu vya watu mkononi, natabasamu kama bwana harusi. Madame Victoire alikuja kueleza. Sasa yule bibi hunisalimu vizuri, ila kwanza anakumbatia mfuko wake.

Juu ya lile jambo letu, usihofu. Mfuko wangu umefungwa na uko karibu na mlango wa chumba, kama sheria yako inavyosema. Najua hapa hakuna vita. Lakini hata Goma, mwaka ule, asubuhi hakukuwa na vita.

Chumba changu kisiguswe, tafadhali. Nimekiacha na mpangilio wake, na kabati nimelifunga.

Mwanao,
Josias


Goma, tarehe 14 Novemba 1999

Josias mwanangu,

Barua yako imefika jana. Imepitia Kigali na imechoka kuliko wewe. Nashukuru kwamba kifua kimepona. Sisi tunaendelea. Redio ikikuambia Goma kumetulia, amini nusu. Maharagwe ya Rutshuru hayafiki tena vizuri kwa sababu ya barabara, kwa hiyo nimeacha maharagwe, nauza sambaza. Nanuka samaki mpaka kanisani, na katika benchi langu nakaa kwa nafasi kubwa. Mama Bagalwa anakusalimu kwa ulimi uleule.

Habari ya vitunguu nimeisoma mara mbili kwa sauti. Usiache kupokea watu mizigo, lakini punguza mbio.

Juu ya mfuko, umefanya vizuri. Sitaki kuona tena ya mwaka 1996. Mabomu yanaanza, nakuambia beba kitu cha maana tukimbie, na wewe, kijana umemaliza shule, unaacha diploma mezani unabeba pasi. Pasi ya makaa! Na ilikuwa imewashwa! Umetembea nayo mpaka Sake, watu wanakupisha njiani wakidhani ni chetezo cha ubani cha kanisa, na tulipofika, katekista akaja kuiazima. Mimi nilikufuata nyuma na sufuria ya maharagwe mabichi ndani ya maji, kwa hiyo akili zilitutoka wote wawili. Ndiyo maana niliweka sheria. Kila mtu na mfuko wake mlangoni, vita viwepo visiwepo.

Chumba chako kipo. Kinafagiliwa kila siku, na nyumba haina upweke.

Jambo moja. Umeandika mistari mirefu juu ya saa ya watu, na juu ya watu wenyewe kidogo sana. Wanakupenda?

Shangazi yako,
Kaswera


Namur, tarehe 6 Februari 2000

Shangazi,

Salamu. Natumaini wote mko wazima, hasa kwa vile sasa mko wengi.

Abbé Birindwa alikuja kula Noeli kwenu, amerudi, tumeonana. Nikamwuliza habari za nyumbani. Akasema kwa furaha, "Kwenu Keshero kumejaa! Kuna muzee anakunywa uji juu ya kitanda chako!" Akaendelea kula. Mimi nikaweka uma chini, nikamwuliza ni wangapi.

Watu watano, Shangazi. Watu watano katika chumba changu, na wewe unaniandikia kwamba kinafagiliwa. Kumbe kweli kinafagiliwa, wanaokaa ndani ndio wanafagia! Kitanda kile nilikitengeneza mwenyewe kwa fundi wa mtaa wa Mapendo, na nilikibeba kichwani mpaka nyumbani. Chini ya godoro kuna karatasi zangu za mitihani. Sikatai watu wasaidiwe. Lakini mtu kuingia chumba cha mwenzake, kulala kitanda cha mwenzake, chini ya picha za mwenzake, mwenyewe hayupo wala hakuulizwa, je, huko ni kuzuri?

Sentensi hiyo nimeiandika nikiwa nimelala kwenye kitanda cha Thibaut. Nimeinua macho, wachezaji kumi na mmoja wananitazama. Nimeona aibu kidogo. Ningeifuta, ila hii ni karatasi ya mwisho, kwa hiyo hasira ibaki.

Nijibu hawa watu ni akina nani na wataondoka lini.

Hapa kila kitu ni kizuri. Madame Victoire siku hizi haongei sana. Nadhani ni baridi.

Josias


Goma, tarehe 19 Machi 2000

Josias,

Wazima. Watu sita wazima, asante kwa kuuliza. Mvua ni nyingi na paa linavuja palepale pa zamani, yaani juu ya kitanda chako. Siku hizi anayelowa ni Mzee Twagirimana, kwa hiyo kama una uchungu, mpe pole.

Ni kweli nilikuficha. Niliandika kwamba chumba kinafagiliwa kila siku nikajiona nina akili sana. Sikutaka ukae huko unahesabu vichwa vya watu badala ya kusoma. Sasa sikiliza.

Unamkumbuka Uwamariya wa Kalengera, kule Rutshuru, aliyekuwa ananiuzia maharagwe kando ya barabara? Alikuwa anajaza kopo mpaka linamwagika. Miaka sita nimenunua kwake na sikuwahi kumwuliza watoto wake wanaitwa nani. Mwezi wa kumi watu wenye bunduki waliingia kijijini kwao. Usiniulize ni wa upande gani, barua hii inapita mikono mingi. Mume wake hajaonekana mpaka leo. Yeye alifika Goma kwa miguu na mabinti watatu na baba mkwe wake, huyo Mzee Twagirimana, anayeona nusu na kusikia nusu. Nilimkuta mbele ya parokia, amekaa juu ya fundo lake la kitenge. Nilitaka kumpa sambaza kidogo niendelee na safari yangu. Kweli kabisa, ndivyo nilivyotaka, mimi si mtakatifu. Akaniangalia, akaniuliza, "Mama Kaswera, maharagwe ile ya mwisho, iliiva muzuri?"

Mtu amepoteza kila kitu, ananiuliza kama maharagwe yake yaliiva. Nikambeba mtoto mdogo mgongoni, tukaenda nyumbani.

Baadaye watu wa msaada wakaja na daftari wakaniandika "famille d'accueil", yaani familia inayopokea wageni. Kumbe mimi na Madame Victoire wako tuna cheo kimoja, isipokuwa kwake paa halivuji. Mama Bagalwa naye hakukawia. Alisimama kwenye ua akaanza mambo ya makabila, akasema, "Weye Munande, unaingiza batu ya Rutshuru mu nyumba? Unawajua?" Nikamwambia, "Huyu muzee hapendi chumvi mingi. Binti mukubwa anaogopa mbuzi. Weye tunakaa jirani miaka kumi, na sijui unaogopaka nini." Hajarudi. Chumvi yake anaomba kwingine.

Lakini nina jambo linaloniuma na sina wa kumwambia. Ni lile fundo. Miezi mitano sasa, fundo la Uwamariya liko mlangoni limefungwa. Anatoa nguo, anafua, anapiga pasi kwa pasi yako, kisha anazirudisha ndani na kufunga tena. Nimemwambia mara ngapi aweke vitu ndani ya chumba, anashukuru kwa lugha yake, "Murakoze, mama," na fundo linabaki palepale. Nikipita naligonga kwa mguu, na mara nyingine si kwa bahati mbaya. Nyumba yangu ni kituo cha basi? Nampa chakula, nampa chumba cha mwanangu, na kila asubuhi lile fundo linaniambia, sisi tunaondoka. Wewe uliyesoma, niambie nyumba yangu ina kosa gani. Nimefikia kufikiri kwamba kama hataki kukaa kwangu, basi arudi parokiani alikotoka. Nitamwambia baada ya Pasaka.

Kaswera


Namur, tarehe 16 Aprili 2000

Shangazi mpenzi,

Leo ni Matawi. Hapa hawana mitende, wanabariki matawi madogo ya ua wa bustani. Wazee tisa wamekuwa wanane, maana mmoja amevunjika nyonga. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na itakukuta kabla hujafungua mdomo.

Nimeisoma yako mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika, ya pili nikacheka, ya tatu nikakaa chini. Tafadhali usimrudishe Uwamariya parokiani. Nyumba yako haina kosa lolote. Nalijua hilo kwa sababu Uwamariya wa hapa ni mimi.

Nilikuandikia kwamba kila kitu ni kizuri. Ni uongo. Mwezi wa kumi na mbili Madame Victoire aliingia kufagia, akasogeza mfuko wangu, ukafunguka. Ndani kulikuwa na mashati mawili, sweta, diploma katika plastiki, na vitu vile vya sheria yako: chumvi, mshumaa, kibiriti, sukari ya vipande, na sufuria ndogo. Chumvi ilikuwa ya kwake. Mshumaa na kibiriti vilitoka katika droo yake. Vipande vya sukari vilikuwa ishirini na vitatu, nilikuwa navitoa kimoja kimoja wakati wa kahawa. Na sufuria alikuwa ameitafuta wiki mbili, hata mimi nilimsaidia kuitafuta. Nilipiga magoti nikachungulia chini ya jiko, Shangazi! Nilikuwa najiambia kwamba sijaiba, nimetayarisha tu.

Alirudisha kila kitu ndani ya mfuko, akaufunga, akaendelea kufagia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimemwona, nikashuka ngazi. Tangu siku hiyo ananihudumia kama mgeni wa hoteli.

Mwezi wa tatu Papa Édouard akaniita jikoni. Kila mwaka familia inatakiwa kutia sahihi karatasi kwamba inakubali kunipokea tena, na mwaka huu mwisho ni tarehe 30 Juni. Bila karatasi hiyo kibali changu kinakwisha na masomo yanakwisha. Akaniuliza, "Josias, tunaona mzigo wako umefungwa tangu siku ya kwanza. Hatutaki kumshika mtu kwa nguvu. Unataka kuondoka kwetu?"

Na mimi, mtoto wako uliyenifundisha adabu, nikainamisha kichwa nikajibu, "Papa, ni ninyi mnaoamua." Nilikuwa nangoja aseme kama watu wote duniani wanavyosema, "Hapana bwana, wewe ni wa hapa, kaa!" Akasema, "Nimeelewa." Akachukua jembe akatoka. Karatasi iko juu ya friji, haina sahihi, na kila nikienda kuchukua maziwa inaniangalia.

Sikukuambia kwa sababu ileile uliyonifichia watu watano. Na hawa sijawaeleza, kwa kuwa nikianza kueleza mfuko nitafika kwenye pasi, na mtu anayesomea shahada ya pili hawezi kueleza pasi.

Nisamehe barua ile ya Februari. Nilijifanya mwenye nyumba wakati mimi mwenyewe nimekalia kitanda cha watu. Chumba ni chao. Nataka kubaki hapa, Shangazi. Sijui namna ya kuwaambia. Nifanyeje?

Josias

Nilipokuwa nafunga bahasha nimeingiza mkono mfukoni nikagusa ufunguo wa kabati langu la Keshero. Nimesafiri nao! Mnamwambia mama wa watu aweke vitu ndani, ndani ya nini? Bahasha yenye chuma hufunguliwa posta, kwa hiyo nitautuma kwa mkono wa mtu.


Goma, tarehe 28 Mei 2000

Josias,

Sisi sote wazima, salamu nitakupa siku nyingine. Barua hii naipeleka kwa mfanyabiashara anayepanda ndege Kigali kesho, na ameniapia ataiweka mwenyewe katika posta ya huko. Yako ilifika wakati nimeshamwita Uwamariya nizungumze naye. Nilisoma, nikamwambia nilimwita ili anisaidie kumenya viazi. Tukamenya viazi vya siku tatu.

Nimeacha kulipiga fundo lake teke. Jana nimelipangusa vumbi. Nilifikiri ni matusi kwangu, kumbe ni somo langu mwenyewe limerudi nyumbani na sikulitambua. Na habari ya kabati umenivunja mbavu. Miezi saba namlaumu mtu kwa kutotumia kabati ambalo mimi mwenyewe nimejaribu kulifungua kwa kisu.

Sasa wewe. Unaogopa kuchekwa kuliko unavyoogopa kufukuzwa, na hilo hukujifunza kwangu, mimi nanuka samaki mbele ya Bwana. Waite wote wawili mezani. Wasomee sehemu inayofuata, neno kwa neno, kwa Kifaransa kizuri. Usiruke kitu.

Mama Victoire, Papa Édouard, mimi ni Kaswera, shangazi yake Josias, niliyemlea tangu baba yake alipofariki. Nawasalimu na nawashukuru. Mtoto huyu hawakimbii. Mfuko mliouona ni wa kwangu, mimi ndiye niliyeuweka kichwani mwake. Vita vilipotukuta tulikimbia siku nzima, na yeye alibeba pasi ya moto akaacha diploma. Tangu hapo nilimfundisha kufunga mfuko, nikasahau kumfundisha kuufungua. Sufuria namwomba airudishe na aombe msamaha. Akiwaambia "ni ninyi mnaoamua", huku kwetu maana yake anaomba mumwambie abaki. Hawezi kulisema mwenyewe, ndivyo nilivyomlea, na nimeona sasa kwamba nilizidisha. Mimi pia nina wageni nyumbani, na fundo lao liko mlangoni. Nilidhani hawapendi nyumba yangu. Mama Victoire, nadhani na wewe ulidhani hivyo, na najua inavyouma.

Basi. Soma yote.

Kaswera


Namur, tarehe 2 Julai 2000

Shangazi yangu,

Nakusalimu, na msalimie Uwamariya, mabinti na Mzee. Barua yako ilifika tarehe 21 Juni. Niliificha siku tano. Ya sita ilikuwa Jumanne, tarehe 27, siku tatu kabla ya mwisho, nikawaomba wakae mezani.

Nilisoma nikitafsiri. Nilipofika kwenye pasi niliiruka, samahani. Madame Victoire akasema, "Jicho lako limeruka mstari." Huyu mama anaona vumbi lisilokuwepo, ataachaje kuona hilo? Nikarudi nikaisoma pasi. Papa Édouard akauliza, "Ya moto?" Nikasema, ya moto, na makaa ndani. "Umbali gani?" Nikasema kama kilomita ishirini na tano. Akacheka mpaka akavua miwani, akajifuta macho, akacheka tena. Madame Victoire alikuwa hacheki. Alikuwa anangoja mwisho. Niliposoma pale unapomwambia kwamba unajua inavyouma, aliinuka akafungua maji ya bomba bila sababu, akatugeuzia mgongo.

Hapo Papa Édouard akaacha kucheka. Akaonyesha saa ya ukutani. Akasema mwaka 1940, mwezi wa tano, alikuwa na miaka saba. Wajerumani wanakuja, mama yake akaifunga saa ile katika blanketi akaipandisha kwenye kigari cha mtoto. "Mimi nilitembea kwa miguu mpaka Ufaransa," akasema. "Saa ndiyo iliyopanda." Familia moja ya huko iliwapokea majuma matano, na muda wote huo mama yake hakuitoa saa ndani ya blanketi. Yule mwenye nyumba alikuwa akimwambia, itundike basi, msumari upo. Alikataa. Waliporudi ilikuwa inapunguza mlio mmoja adhuhuri, na mama yake hakutaka iguswe. Papa Édouard amekaa chini ya saa hiyo miaka sitini, Shangazi, na mfuko wangu hakuuelewa. Alilisema mwenyewe, kisha akajiita kwa jina la mnyama ambaye sitamwandika katika barua ya Mkristo.

Nikasema. Nilisema kwa kinywa changu, "Nataka kubaki." Maneno mawili, lakini nilitoka jasho kama nimepanda mlima wa Sake. Papa Édouard akachukua karatasi juu ya friji akatia sahihi, na Madame Victoire akatia yake kwa mkono wenye maji, kwa hiyo karatasi ya serikali ina doa.

Kisha Madame Victoire alipanda juu akarudi na mfuko wangu. Akatoa sufuria akasema, "Hii naihitaji kwa mayai." Mshumaa na sukari akaviacha ndani. Akaongeza soksi nene za Thibaut, akaurudisha mlangoni mahali pake.

Sijaufungua wote. Nimetoa shati moja nikalitundika kabatini. Labda wiki ijayo suruali.

Abbé Birindwa anakuja Goma mwezi ujao na amebeba ufunguo. Kabati ni la Uwamariya. Mwambie asiharakishe.

Mwanao,
Josias


Goma, tarehe 27 Agosti 2000

Josias mwanangu,

Tunakusalimu watu sita, na Mama Bagalwa wa saba, ambaye amerudi. Binti mkubwa wa Uwamariya alimpokea kuni barabarani akazibeba mpaka kwake, na tangu siku hiyo ulimi umepumzika. Kumbe huku kwetu bado inawezekana kumpokea mtu mzigo. Barua yako nimewasomea wote. Mzee Twagirimana aliomba habari ya saa irudiwe, maana alikuwa amesikia nusu.

Ufunguo umefika. Tulifungua kabati mbele ya watu wote, kwa heshima kubwa. Lile kabati ulilolilinda kama benki lilikuwa na koti moja, madaftari, na soksi moja. Soksi moja, Josias.

Sikumwambia Uwamariya kitu. Siku tatu alikuwa anapita mbele ya kabati kama mtu anayepita mbele ya mbwa. Jumamosi niliporudi kutoka sokoni nikakuta nguo za mabinti zimekunjwa ndani, na mlangoni hakuna fundo. Rafu ya chini ameiacha tupu. Sikuuliza ni ya nani. Sisi sote tunajua ni ya nani, na mpaka leo hakuna habari yake.

Kile kitenge cha fundo alikifua akakipiga pasi, na Jumapili akakivaa kwenda misa. Kina maua ya njano, makubwa. Miezi kumi nimepita karibu nacho, nimekipiga teke, na sikujua kina maua. Nililia kanisani, watu wakadhani ni samaki.

Nilidhani sasa nitatulia. Lakini niliporudi nyumbani nikaona mlango mtupu, mwili ukakataa. Nilijaribu siku mbili. Ya tatu nikatafuta mfuko, nikafunga mmoja wa nyumba nzima. Nimeweka chumvi, mshumaa, kibiriti, dawa ya Mzee na karatasi za ubatizo za mabinti. Uwamariya alikuja kimya akaweka kopo lake la kupimia maharagwe. Kama ni kukimbia, tutakimbia sote na mfuko mmoja. Mzee Twagirimana alikuwa amekaa juu ya kitanda chako anasikiliza vile vitu vikitajwa kimoja kimoja. Tulipomaliza akauliza, "Na pasi, nani atabeba?"

Nikamwambia, "Hiyo iache pale, muzee. Inangojea mwenyewe."

Shangazi yako,
Kaswera